Tupeane uzoefu: kusoma masta ya ununuzi na ugavi huku uko kazini

MtunzaStoo
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza masta ya ununuzi na ugavi baada ya miaka mitatu kasoro, programu ya wikiendi: basi Ijumaa usiku, narudi Jumapili jioni, Jumatatu saa moja na nusu niko stoo. Vijana wawili hapa kazini wananiuliza kila siku kama na wao waanze, na naona majibu yangu peke yangu hayawatoshi. Mliosoma, mnaosoma na mlioishia njiani, karibuni. Naanza mimi.

Ninatunza stoo ya hospitali ya wilaya. Tatizo letu sugu lilikuwa glavu. Zikiisha, wauguzi wanapanga foleni dirishani kwangu na mimi sina cha kuwapa. Niliamini kabisa kwamba wodi zinachezea glavu, na siku moja nilimwambia hivyo muuguzi mkuu mbele ya watu.

Muhula wa pili mwalimu wa menejimenti ya uendeshaji akatupa kazi moja tu: kila mtu alete takwimu za kazini kwake, halisi. Nikachukua zile kadi zinazoning'inia kwenye shelfu, za miezi 24, nikaziingiza kwenye Excel mstari kwa mstari. Wino umefifia, nyingine zina duara la kikombe cha chai. Siku nne usiku.

Matumizi yalikuwa wastani wa boksi 40 kwa wiki, yakipanda na kushuka kwa boksi 12 hivi. Yametulia kuliko nilivyodhani. Upande wa pili, mzigo: tangu kuagiza hadi kupokea ni wastani wa wiki 4, lakini unayumba kwa wiki moja na nusu. Mara unakuja wiki ya pili, mara wiki ya sita.

Sasa tazameni. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kutoishiwa na ukaangalia kuyumba kwa matumizi tu, akiba ya tahadhari ni 1.65 (namba ya uhakika huo) mara 12 mara kipeuo cha pili cha 4, yaani boksi 40. Ukiingiza na kuyumba kwa mzigo, inakuwa 107. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Wodi hazikuwa na kosa. Tulikuwa tunaishiwa kwa sababu mzigo hauna siku, na sisi tulikuwa tunaweka akiba kama vile una siku. Jumatatu yake nilimfuata yule muuguzi mkuu nikamwomba radhi.

Kwangu masta ni ile wiki moja. Mengine yalikuja yakapita.

MamaWawili
Hongera sana kaka. Mimi niko kitengo cha ununuzi halmashauri. Darasani sikupata shida, nilikwama kwenye tasnifu. Miezi 14.

Nilichagua mada pana mno, mambo ya "athari za ununuzi wa kielektroniki kwenye ufanisi wa taasisi". Hojaji 120, maswali 30, kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Barua ya utambulisho kutoka chuo, barua kwa katibu tawala wa mkoa, nyingine wilayani, kisha kwa mkurugenzi. Kila ofisi wiki mbili. Nikifika, naambiwa niache hojaji mapokezi. Zilirudi 71, na nyingine unaona kabisa mtu ameweka vema safu moja juu hadi chini bila kusoma.

Msimamizi wangu alikaa na sura ya nne miezi mitatu, na nikimpigia anasema atanitafuta. Nililia, sioni aibu kusema. Mtoto wa pili nilimzaa katikati ya hapo.

Kilichoniokoa ni kubadili mada. Zabuni za kwetu zilianza kupita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki, mwaka 2023, na kabla yake tulikuwa kwenye mfumo wa zamani, TANePS. Nikaomba kibali cha kutumia tarehe tu: siku ya kutangaza, siku ya kufungua, siku ya kutathmini, siku ya kusaini mkataba. Hakuna jina la mzabuni, hakuna bei. Mkurugenzi alikubali siku hiyohiyo kwa sababu sikugusa siri ya mtu. Nikaonyesha hatua gani inakula siku. Kwetu zilikuwa zinapotea kati ya tathmini na bodi ya zabuni, kwa sababu kikao kilikuwa kinasubiri akidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, namwambia achague tasnifu ambayo takwimu zake ziko mezani kwake tayari. Usiende kuomba watu 120 wakupe maoni.

LoriLaKusini
Naunga mkono dada hapo juu kwa asilimia zote.

Mimi niko Tunduma, kampuni ya usafirishaji, mizigo ya Zambia na Kongo. Bosi alikuwa anasema gari likiingia yadi kwetu linakaa siku moja. Madereva wanasema siku tatu nne, na wao ndio wanaolala ndani ya gari. Ubishi wa kila wiki.

Darasani tukafundishwa kanuni ya Little, Mmarekani aliyeithibitisha mwaka 1961. Ni fupi kuliko namba ya simu: idadi ya vitu vilivyomo ni sawa na vinavyoingia kwa siku mara siku ambazo kila kimoja kinakaa. Nikasimama getini wiki mbili na daftari. Yadi ilikuwa na wastani wa magari 60. Yanayotoka kwa siku, 20. Gawanya: siku 3. Madereva walikuwa sahihi. Bosi alikuwa anahesabu kuanzia nyaraka zikikamilika.

Nikafuatilia nyaraka. Karani alikuwa anasubiri faili ziwe nyingi, anazipeleka kwa pamoja saa nane mchana. Gari lililokamilika saa tatu asubuhi linasubiri wenzake. Tukaanza kupeleka mara tatu kwa siku, hata faili likiwa moja. Baada ya mwezi yadi ilikuwa na magari 35, yanayotoka ni yaleyale 20. Siku moja na robo tatu. Hatukununua kitu hata kimoja.

Dereva mmoja mzee aliniambia safari hiyo alifika nyumbani Makambako kabla ya maziko ya shemeji yake. Sikuwahi kufikiri kanuni ya darasani inaweza kuishia hapo.

Mwl_Ghala
Nimefundisha somo hili miaka kadhaa. MtunzaStoo, kazi yako nimeipenda, ila niruhusu nikusahihishe jambo moja maana vijana watainakili.

Hesabu yako ya 107 ni ya mtu anayeweza kuagiza siku yoyote akiba inapogusa alama. Je, ninyi mnaagiza siku yoyote, au mna ratiba?

MtunzaStoo
Tuna ratiba mwalimu. Kila baada ya miezi miwili.

Mwl_Ghala
Basi ukishaagiza leo, hutagusa oda nyingine kwa wiki 8, na hiyo nayo itachukua wiki 4 kufika. Akiba yako lazima ikulinde wiki 12. Matumizi ya wiki 12 ni boksi 480. Akiba ya tahadhari: chukua wiki 12 mara 144 (12 mara 12), jumlisha 1,600 (40 mara 40) mara 2.25 (1.5 mara 1.5), unapata 5,328. Kipeuo chake cha pili ni 73, mara 1.65 ni boksi 120. Jumla 600. Kila siku ya kuagiza, hesabu zilizopo shelfuni na zilizo njiani, kisha agiza za kufikisha 600.

Haya ndiyo huwa nataka wanafunzi wa uzamili wayaone. Kanuni ya idadi ya kuagiza yenye gharama ndogo zaidi ambayo Ford Harris aliichapisha mwaka 1913 kila mtu anaikariri. Swali la kwanza lingekuwa kama kanuni hiyo inafanana na maisha ya stoo yako.

MtunzaStoo
Mwalimu, shikamoo na asante. Tulikuwa tunajaza hadi 450 tu. Sasa naelewa kwa nini hata baada ya kuongeza akiba bado tuliishiwa mara mbili mwaka huu. Jumatatu naipeleka kwa mfamasia.

Njoki_AthiRiver
Hamjambo wadau. Mimi nimesomea Nairobi, masomo ya jioni, upande wa uendeshaji zaidi kuliko ununuzi. Nafanya kazi kiwanda cha nguo huku EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje.

Laini yetu ya mashati ilikuwa ikitoa 65 kwa saa na wakubwa wanataka 90. Kila mkutano ni kelele kwa akina mama wa laini kuwa hawakazi. Nilichukua saa nikapima kila stesheni. Nyingi ni sekunde 40 au chini. Kola, sekunde 55. Saa moja ina sekunde 3,600, gawanya kwa 55, ni mashati 65. Laini yote ilikuwa inatembea kwa mwendo wa kola, na hapo palikuwa na mama mmoja, tena fundi hodari kuliko wote. Tukaweka wawili kwenye kola. Laini ikafika kwenye 90, na hakuna aliyeongezewa kasi.

Yule mama alikuwa ameandikiwa barua mbili za onyo kabla ya hapo. Nilihakikisha zimetolewa kwenye faili lake.

Jambo lingine kwa wanaoanza: masta haichukui nafasi ya leseni. Kwetu Kenya sheria ya mwaka 2007 inataka usajili na leseni ya KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi, kufanya kazi ya ununuzi. Niliona wenzangu wakikosa kazi wakiwa na digrii mbili.

MamaWawili
Kwetu pia dada. Usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na mtihani wake wa CPSP ni kitu kingine kabisa na masta. Mtu apange pesa na muda wa vyote viwili.

BintiWaBukoba
Mimi ndiyo kwanza muhula wa kwanza, lakini nina la kusema kuhusu mchezo wa bia, ule wa darasani wa kuigiza mnyororo wa ugavi. Ulianzia MIT Marekani miaka ya 1960, mwalimu wetu akautumia kwa vizibo vya soda. Watu wanne: muuza rejareja, wa jumla, msambazaji, kiwanda. Kila mmoja anaona oda ya jirani yake tu, na hakuna ruhusa ya kuongea. Mimi nilikuwa kiwanda.

Wiki za mwanzo natulia. Ghafla oda zikaanza kupanda, 10, 18, 30. Nikazalisha kama mwehu. Kisha sifuri. Sifuri. Sifuri. Meza yangu imejaa vizibo. Mwisho mwalimu akafunua kadi za mteja: alikuwa ananunua 4 kwa wiki, akapanda hadi 8 mara moja tu, akabaki hapohapo. Mawimbi yote tuliyatengeneza sisi wanne.

Nyumbani tuna duka la jumla. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, mvua za El Niño zikiwa zimesimamisha viwanda, baba alikuwa anaagiza mifuko mara mbili ya anayohitaji kwa sababu alijua atapewa nusu. Wenzake wote mtaani hivyohivyo. Nilimpigia simu usiku ule ule wa mchezo. Akanyamaza, halafu akaniuliza: "Sasa mimi ningefanyaje, mwanangu, na wengine wanaagiza hivyo?" Sijapata jibu la kumpa. Nadhani hiyo itakuwa tasnifu yangu.

Abu_Maskati
Assalaam aleikum. Mimi niko Oman, ghala la vipuri. Sikuwa na ada ya masta, nikaanza na zile kozi tano za ugavi za MIT kwa njia ya intaneti, nikisoma bila kulipa, cheti nikalipia baadaye. Ya kwanza ni uchambuzi wa takwimu na ndiyo ngumu, uwezekano na rigresheni mwanzo mwisho. Nilirudia video moja hadi adhana ya alfajiri. Faida yake ni kwamba unajipima kabla hujatoa pesa. Hasara yake ni upweke: hakuna wa kubishana naye kama mnavyobishana hapa.

Nimeishia_Njiani
Nashukuru umetukumbuka na sisi. Nilimaliza masomo yote ya darasani, nikaacha kwenye tasnifu. Ada ya mwaka wa pili na ada ya mwanangu kuingia kidato cha kwanza ziligongana, nikachagua mwanangu. Ni miaka minne sasa. Nilikuwa stoo ya vipuri vya mabasi, leja zote ninazo. Kinachonizuia kurudi kwa sasa ni hofu kwamba nimesahau kila kitu.

MamaWawili
Kaka, una leja za miaka mingapi?

Nimeishia_Njiani
Sita. Brekipedi, mikanda, filta, kila kitu na tarehe.

MamaWawili
Mimi nilihangaika miezi 14 nikitafuta nusu ya hicho ulichonacho. Ulizia chuoni kama usajili wako bado unaweza kuhuishwa, uliza wiki hii hii, vyuo vina ukomo wa miaka. Halafu nitumie ukurasa mmoja wa mada ujumbe wa pembeni, nausoma usiku watoto wakilala.

Mwl_Ghala
Na mimi. Anza na brekipedi.

MtunzaStoo
Wakuu, nimewaonyesha wale vijana wawili hapa stoo mlichoandika. Mmoja amesema ataomba kwanza mkopo wa SACCOS ndipo aamue. Wa pili hajasema kitu, amechukua kadi za maji ya dripu na laptopu yangu. Ameshafika Machi.