Kijana anavuta unga na anasikia sauti: soba hausi kwanza au Kidongo Chekundu?

Mchanga_wa_Kusini: Asalaam alaykum wakubwa. Kijana wa dada yangu, miaka 24, yupo Makunduchi. Unga (heroini) mwaka wa tatu huu. Sasa usiku anajibizana na ukuta, chakula anasema kimetiwa sumu. Soba hausi moja, nyumba ya kukaa kuacha ulevi, inataka laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi minne. Mamaake analima mwani. Tuuze kiwanja?

Ukwaju: Waalaykum salaam. Kiwanja kiacheni. Mtu anayesikia sauti ukimkalisha kwenye vikao kutwa, ataona wote wanamsema yeye. Atapigana au atatoroka, na pesa hairudi. Sauti zitulizwe kwanza. Nendeni Kidongo Chekundu asubuhi, hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili, mjini; kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, ipo hapohapo.

Aende naye anayelala nyumba moja naye, na karatasi mkononi: kete ngapi za unga kwa siku, anavuta au anajidunga, bangi, vidonge vya usingizi. Muhimu kuliko yote: alipowahi kukaa wiki kadhaa bila kulevya, sauti zilinyamaza au ziliendelea? Bila jibu hilo daktari anakisia.

Pweza_Mkavu: Methadoni hailipiwi, ila inanywewa mbele ya muuguzi kila siku. Kwa hiyo bei yake ni nauli. Makunduchi na mjini, kwenda na kurudi, kwa miezi: hiyo ndiyo hesabu ya kupiga. Tafuteni jamaa wa mjini wa kumlaza, afike kliniki kwa miguu.

Wanaanza na dozi ndogo, miligramu 15 hadi 30, maana inajikusanya mwilini: dozi aliyoibeba Jumatatu inaweza kumlemea Alhamisi. Siku hizo arosto, yale maumivu ya kukosa unga, bado inamsumbua, naye atataka kuongeza kete au valiamu juu yake. Hapo ndipo pumzi hukatika usingizini. Akikoroma vibaya, haamki, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Maziwa msimnyweshe, yataingia mapafuni.

Mchanga_wa_Kusini: Ahsanteni. Haloperidoli, vidonge vya kutuliza sauti, alishapewa, shingo ikapinda, bibi yake akazitupa. Anasema ni shetani kakasirika. Na mwenyewe hataki kusikia hospitali.

Mamkubwa: Shetani hayumo hapo, mwanangu. Shingo kupinda na macho kupanda juu ni madhara ya dawa yenyewe, hasa kwa vijana wa kiume, siku chache za mwanzo. Ipo dawa ya kuyatuliza, benzeksoli. Mwambieni daktari kabla hajaandika, asirudie dozi ile ile. Akiwa msahaulifu wa vidonge, ulizeni baadaye sindano ya mwezi.

Msimdanganye kuwa mnakwenda harusini, mkimdanganya leo hamumpati tena. Msemesheni kwa linalomuuma mwenyewe: "Hulali, twende ukapate usingizi." Kisomo na kombe viendelee kumridhisha bibi, ila fundi akisema vidonge visimame siku saba, kataeni. Akishika kisu, sheha na polisi, si kamba.

Ukwaju: Soba hausi iwe baadaye, na kabla ya kulipa ulizeni: nani anampa vidonge vya usiku, na kliniki anapelekwa na nani? Wakijibu "hapa hatutumii dawa yoyote", ondokeni. Na akitoka huko bila methadoni, mwili umeshasahau unga. Kiasi alichokuwa akivuta zamani sasa kinaweza kumuua.

Mchanga_wa_Kusini: Yupo shangazi yake Kikwajuni. Nampigia sasa hivi.