Kupiga picha radi za High Plains: kihisi, shata ya muda mrefu au video?

Msafiri_Aurora: Nawasalimu wanajukwaa. Naishi Aurora, Colorado, na majira haya ya joto nimekusudia kupiga picha radi upande wa mashariki, kwenye tambarare za High Plains, kuanzia mji wa Limon hadi mpaka wa Kansas. Kamera na tripodi imara ninavyo. Sijaamua kama niache shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) wazi kwa sekunde nyingi, ninunue kihisi kinachoifyatua kamera radi inapomweka, au nirekodi video ya 4K kisha nitoe fremu. Naomba mnilinganishie, mkizingatia kwamba kazi yangu huniruhusu kutoka alasiri zaidi kuliko usiku.

Fundi_Lenzi: Ndugu Msafiri, hiyo alasiri ndiyo inayoamua. Usiku kihisi hakina kazi kubwa: shata sekunde 15 hadi 30, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 au 200, tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8 (namba ikipanda tundu hupungua), kamera ikipiga mfululizo, na radi yoyote itakayotua mbele yako itanaswa. Wengi husahau kwamba muda wa shata hauongezi wala kupunguza ung'avu wa radi yenyewe, kwa kuwa mmweko huisha shata ingali wazi. Radi hutawaliwa na tundu na ISO, na sekunde hutawala anga na ardhi tu. Radi ikiwa karibu na inaungua kwa weupe, nenda f/11, usipunguze sekunde.

Mchana, sekunde 15 zitakupa karatasi nyeupe. Hapo kihisi kinastahili gharama yake. Kamera huchelewa kidogo baada ya mmweko wa kwanza, lakini radi nyingi hupiga mara kadhaa kupitia njia ileile ndani ya muda mfupi sana, kwa hiyo shata ya kati ya 1/4 na 1/15 ya sekunde huyapata mapigo yanayofuata.

Bi_Zawadi: Kaka Fundi, mbona umekiruka kichujio cheusi, kile kioo cha kuvika mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga? Kinamwezesha mtu kuacha shata wazi sekunde kadhaa hata mchana, na bei yake ni ndogo kuliko ya kihisi.

Fundi_Lenzi: Ni kweli, dada, ila kichujio huipunguza radi kwa kiasi kilekile kinachoupunguza mwanga wa anga, na zile nyuzi nyembamba za matawi, ambazo kwangu ndizo uzuri wote wa picha, hupotea kwanza. Nakikubali kwa radi kali iliyo karibu, na huko sipendi mtu asimame.

Kuhusu video, fremu ya 4K ina megapikseli 8 hivi tu, kidogo kuliko picha ya kawaida, na kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, hivyo mmweko huweza kuangaza nusu ya fremu na kuiacha nusu nyingine gizani.

Mkazi_wa_Tambarare: Naongeza la mahali, kwa sababu linakigusa hicho kihisi. Mawingu ya huku mara nyingi huanza baada ya adhuhuri kwenye Milima ya Rocky na mwinuko wa Palmer Divide, kisha husogea kuelekea Kansas. Anayetoka Aurora ana bahati: akiyaacha yampite na kuyafuata kwa nyuma, jua la alasiri linakuwa mgongoni mwake, na mvua iliyo mbele inakuwa ukuta mweusi ambao radi huonekana juu yake vizuri. Kwa kuwa ardhi ni wazi, lenzi ya milimita 70 hadi 200 hufaa ukiwa hata kilomita 40 nyuma. Usikaribie zaidi kwa kudhani mvua imekwisha, kwani radi huweza kupiga kilomita 16 au zaidi kutoka kwenye mvua, na kwenye tambarare isiyo na mti wewe na tripodi yako ndio mlio warefu. Ukisikia ngurumo, ingia garini, funga vioo.

Msafiri_Aurora: Nashukuru sana. Nitachukua kihisi. Je, fokasi (ukali wa picha) ya kamera niiache ijitafute yenyewe?

Fundi_Lenzi: Hapana, zima fokasi hiyo ya kujitafuta, maana kamera ikianza kutafuta fokasi radi itakuwa imekwisha. Lenga kwa mkono ghala la nafaka lililo mbali, kisha usiiguse tena pete ya lenzi.