Naomba ushauri: kufunga shaba kwenye semi ya flati (trela bapa lisilo na kuta), Lubumbashi hadi Dar

Habari wakuu, na shikamoo kwa madereva wazoefu wa njia ya Tunduma.

Gari langu limepata mzigo wa shaba, tani 30 hivi, kwenda bandari ya Dar. Ni horsi (kichwa kinachovuta trela) ya ekseli tatu na trela la ekseli tatu, tairi pacha nyuma. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki naelewa hivi: ekseli ya usukani tani 8, difu mbili (ekseli za nyuma za horsi) 18, ekseli tatu za trela 24, jumla 50. Jumla hainipi shida. Shida ni kwamba shaba ni nzito na ndogo kwa umbo. Mafungu machache tu, trela bado linaonekana tupu. Yakisogezwa mbele difu zinazidi, yakirudishwa nyuma trela linazidi. Mnayapangaje?

La pili ndilo linaninyima usingizi. Kiwango cha Ulaya kinataka ufungaji uhimili mzigo ukisukumwa mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, yaani tani 24 kwangu. Nikiwaza mteremko wa Kitonga na breki ya ghafla, halafu kibini (chumba cha dereva) ina mtu! Mikanda hukatwa na kingo za shaba, minyororo nayo hulegea mzigo ukitulia. Mnatumia vipi, mnyororo na mkanda pamoja? Mpira chini ya mafungu unasaidia kweli, au ni lazima kupigilia magogo mbele? Na mnakaza upya baada ya kilomita ngapi?