Kanali wa makao makuu anaweza kumwamuru kapteni wa kikosi kisicho chake?

Mwandishi_Mchanga: Wakuu, naombeni ushauri. Naandika hadithi ya vita na nimekwama. Kanali kutoka makao makuu ya brigedi anafika kwenye kombania inayolinda daraja, anamwambia kapteni aondoe askari wake. Mkuu wa kikosi, ambaye ni luteni kanali, hajasema lolote. Kapteni atii? Maana huyo kanali anamzidi cheo hata bosi wake.

Kombati: Mkuu, tenganisha cheo na madaraka. Ukanali anautembeza mabegani popote aendako. Ukuu wa kikosi ni wadhifa, ukihamishwa unauacha. Amri hushuka kwa njia ya wadhifa: mkuu wa brigedi, mkuu wa kikosi, mkuu wa kombania. Kama kanali wako ni mnadhimu, yaani afisa wa makao makuu anayemsaidia mkuu wa brigedi kupanga kazi, pale darajani hana hata askari mmoja wa kwake. Anachoweza ni kufikisha amri ya mkuu wa brigedi, kwa jina la mkuu wa brigedi. Kapteni apige saluti, asikilize kwa adabu, kisha amuulize mkuu wake redioni. Hapo ndipo penye utamu wa hadithi, usiparuke.

Binti_Sajini: Naunga mkono. Tazama Marekani: Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ndiye afisa wa cheo cha juu kuliko wote, lakini sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986 inamweka kuwa mshauri. Amri ya vita hutoka kwa Rais, kwenda kwa Waziri wa Ulinzi, hadi kwa kamanda wa eneo husika. Inaweza kupitishwa kwake, ila si yake.

Mwandishi_Mchanga: Asanteni sana. Na redio ikiwa imekufa?

Kombati: Abaki na amri ya mwisho aliyopewa, ashike daraja.

Mzee_wa_Zamu: Si rahisi hivyo, Kombati. Yapo majeshi yanayomruhusu afisa mwenye cheo kikubwa aliyepo kushika uongozi dharura ikitokea. Akiushika, dhamana yote ni yake, pamoja na daraja likipotea. Kwa hiyo kapteni amuulize mbele ya maafisa wake: "Afande, unachukua uongozi, au unanishauri?" Jibu liandikwe kwenye daftari la kombania, pamoja na saa.