Waini sehemu za ajabu, mnanishauri wapi?

Wadau, mi na mwenzangu tumechoka kunywa waini mezani kila siku, tunataka sehemu yenye msisimko. Leteni mawazo.

— Nendeni Moldova aisee, pale Mileștii Mici, ghala la waini la chini ya ardhi, kuna mahandaki yanafika kama kilomita 200, zamani yalikuwa machimbo ya mawe ya chokaa, unaingia na gari kabisa unapita katikati ya mapipa. Bebeni sweta, baridi.

— Lanzarote, kile kisiwa cha Uhispania! Volkano ililipuka 1730 hadi 1736 ikafunika mashamba kwa majivu, sasa kila mzabibu umepandwa kwenye shimo lake ndani ya majivu. Kukaa pale jioni na glasi, dah, nilitokwa machozi.

— Na kwenye puto la kuruka angani je?

— Tamu sana, ila chupa fungueni mkishatua, hapo ndo inanoga.