Mama ni hakimu, mtu kaposti picha ya geti letu, tufanyeje?

Kifungua_Mimba:
Wakuu habari zenu. Mama yangu ni hakimu, kesi zake nyingi ni mirathi na ugomvi wa ardhi, yani zile ambazo aliyeshindwa hatoki pale ameridhika. Sasa kuna jamaa kashindwa kesi, juzi nakuta kaposti picha ya geti letu, hakuna tusi hakuna tishio, maneno matatu tu, "kumbe anakaa hapa". Ila pembeni inaonekana baiskeli ya mdogo wangu imeegemezwa ukutani na ile baiskeli imenunuliwa mwezi huu, kwa hiyo mtu kaja kabisa kasimama pale nje kwetu. Mama anasema achana nae, kazi ndo ilivyo. Mimi usingizi sina, nimeandika kumjibu nikafuta kama mara tatu. Ni wasiwasi wangu tu au?

Mzee_wa_Faili:
Kijana usimjibu. Piga skrinishoti ionekane akaunti, tarehe, saa, na linki uihifadhi, NDO uripoti posti. Wengi wanaanza na kuripoti, posti inafutwa na ushahidi unaondoka nayo. Halafu mama apeleke kwa maandishi kwa hakimu mfawidhi na polisi, asisubiri mpaka atishiwe. Nimekaa ukarani wa mahakama miaka mingi, wale wa kufoka kwenye korido wengi wanaishia kwenye korido, mimi namwogopa yule mkimya anayetafuta unapolala.
Mwaka 2020 New Jersey kule Marekani, wakili aliyewahi kuwa na kesi mbele ya jaji Esther Salas alienda nyumbani kwake kajifanya analeta mzigo, akampiga risasi mtoto wa jaji, Daniel Anderl, kijana wa miaka 20, akafa, baba yake akajeruhiwa vibaya. Jaji mwenyewe hakuguswa. Mwaka huohuo jimbo likatunga sheria yenye jina la Daniel, jaji au polisi akiomba anuani na simu ya nyumbani viondolewe mtandaoni vinatakiwa viondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Mwambie mama hivyo, "kazi ndo ilivyo" yake inamhusu yeye, nyie wengine hamkuapishwa.

Sauti_ya_Chini:
Pole mleta mada ila wengine tuna swali. Hawa wakubwa ofisini huwapati, simu hawapokei, na nyumba zao ndo tunajulia wizi, mtu mshahara wake unajulikana halafu ana ghorofa tatu. Tukianza kuficha nyumba si tunawapa chaka la kujifichia?

Masijala2:
@Sauti_ya_Chini swali zuri, ila unachanganya vitu viwili. Fomu ya kiongozi kutangaza mali zake iseme ana nyumba ngapi, thamani gani, hela katoa wapi, wala haihitaji namba ya nyumba na rangi ya geti. Mwizi mwenyewe anaandikisha kwa jina la shemeji, hiyo anuani ungeitafuta mpaka kesho. Uingereza mgombea ubunge zamani anuani yake ilichapwa kwenye karatasi ya kura kabisa, sheria ya 2009 ikamruhusu aombe itajwe jimbo analokaa tu, na watu wameendelea kupiga kura kama kawaida. Ofisini hapatikani? Hapo nipo na wewe asilimia mia, ofisi iwe na mlango wazi na namba inayopokelewa. Asiyekuwa na pa kumpata kazini ndo anaenda kumsubiri getini.

Fundi_Kamera:
Nyie mnahangaika na geti, anuani mara nyingi inatoka NDANI. Namba ya mita nyuma ya mtu anayepiga selfi, pleti ya gari, lebo ya kifurushi iliyotupwa na jina zima. Mwaka 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliwafuatilia walinzi wa Macron na Biden kwa kutumia Strava tu, ile programu ya simu inayorekodi unapokimbilia mbio, hao ni walinzi! Kama nyumba inaonekana Street View, zile picha za mitaa kwenye ramani ya Google, omba Google waifiche kwa ukungu, ila ukishaomba hairudishwi. Vifurushi viende kazini kwa mama. Na mlango usifunguliwe kwa sababu ya sare, Minnesota kule Marekani Juni 2025 aliyemuua mbunge wa jimbo Melissa Hortman na mumewe nyumbani kwao alikuja kavaa kipolisi. Mnapiga kituoni kwanza mnauliza mmetuma mtu? Askari wa kweli atasubiri.

Kifungua_Mimba:
Asanteni sana. Mama kasoma yote, palepale pa Daniel akanyamaza, kesho asubuhi tunapeleka barua. Fundi umenimaliza, nimepita akaunti zetu zote usiku huu, mdogo wangu karusha video anajifunza baiskeli nje, namba ya nyumba inasomeka vizuri tu, na wa kwanza kuisambaza ni mimi.

Fundi_Kamera:
Futa. Na uliposambaza pia.