Naombeni ushauri: niihamishie familia yangu mtaa wa matajiri au tubaki tulipo?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, amani iwe nanyi. Mwajiri wangu amekubali kunilipia kodi ya nyumba katika mtaa wa wenye nazo kwa muda wote wa mkataba wangu, yaani miaka 3, nami natakiwa kutoa jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 14, na ninaishi na mama yangu mzazi. Mke wangu anaitaka nyumba ile kwa ajili ya usalama na utulivu, na sina hoja ya kumpinga, kwani tunapoishi sasa maji hukatika mara kwa mara na usiku kelele hazituachi tulale.

Kinachonikwaza ni nilichokiona tulipokwenda kuikagua. Tulisimama nje ya geti karibu nusu saa tukimsubiri dalali, na muda wote huo hakupita mtu kwa miguu isipokuwa mtunza bustani aliyekuwa akikunja mpira wa maji. Mama alizitazama kuta za pande zote mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa mtu akizidiwa usiku, anagonga kwa nani?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sinalo. Kwa mliowahi kuishi huko, je, mama ataweza? Na watoto je?

Mpangaji wa Zamani
Kaka, nimeishi ushuani miaka 6. Usalama upo na utulivu upo, mkeo hajakosea. Lakini jirani tuliyepakana naye ukuta alifiwa na mkewe, nami nilijua siku ya pili, nilipoona magari yamepangwa kandokando ya barabara hadi mbele ya geti langu. Miaka minne tulikuwa tukipungiana mikono kupitia vioo vya magari, na nilipoingia kumpa pole ilinibidi kwanza nimtajie jina langu. Aibu ile sijaisahau.

Kuhusu fedha, angalia yanayoifuata kodi: ada ya ulinzi, ada ya usafi, na mafuta, kwa sababu pasipopita mabasi hata daftari la mtoto hufuatwa kwa gari. Uliza ni nani atakayeyalipa hayo, na mkataba ukiisha mtarudi wapi.

Msomaji
Naomba niongezee kuhusu watoto. Mwaka 1994 Marekani ilianzisha mpango katika miji 5, ikiwemo Chicago na Boston, ambapo familia maskini zilipewa kwa bahati nasibu hati za kusaidia kulipa kodi katika mitaa yenye umaskini mdogo. Watafiti waliowafuatilia watoto hao hadi utu uzima walieleza mwaka 2015 kwamba waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata kipato kilichozidi cha wenzao kwa karibu theluthi moja, lakini waliohama wakiwa wameshavuka umri huo hawakunufaika. Ni kweli kwamba wale walitoka katika ufukara hasa, wala hawakupelekwa kwa matajiri, kwa hiyo usiuchukue utafiti huo kama kipimo cha nyumba yako. Hata hivyo kijana wa miaka 14 ana marafiki wa kuwaacha, na ningekuwa wewe ningeanza kwa kumuuliza yeye.

Mtoto wa Mpishi
Ndugu yangu, mimi nilikulia mtaa wa namna hiyo, katika chumba cha nyuma, kwa kuwa mama yangu alikuwa mpishi wa nyumba. Mtaa huo mnaouona kimya sisi tuliujua kwa majina: walinzi, watunza bustani, madereva na wafanyakazi wa ndani walijuana wote, walichangiana wakifiwa, na mchana, wenye nyumba wakiwa kazini, walikutana chini ya mti mmoja karibu na geti letu. Mama yako akizidiwa usiku, atakayekuja mbio ni mlinzi wa nyumba ya pili, ikiwa amezoea kusalimiana naye. Mwache atoe kiti chake nje ya geti kama alivyozoea, hata kama majirani watashangaa.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Maneno ya chumba cha nyuma nimemsomea mama, naye ameniuliza kama yule mtunza bustani yuko pale kila siku. Jumamosi tutarudi bila dalali, tukae mpaka usiku uingie, na kijana wangu anakuja na maswali yake. Kuhusu zile ada, nimemwandikia mwajiri asubuhi hii.